Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Historia ya Faili za Video katika Nyumba Moja ya Kigobe

Utangulizi

Tulipofundishwa methali hii darasani, mhadhiri wetu alitueleza kwamba mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka wa kuswalia. Msala ni mzuri kuliko mbacha, lakini ni wa mpita njia. Akiondoka huondoka nao, na aliyetupa mbacha wake hulala chini. Niliyaandika maelezo hayo katika daftari langu bila kuyafikiria sana. Niliyakumbuka siku nilipoitafuta sauti ya marehemu bibi yangu katika kompyuta ya nyumbani nikaikosa.

Insha hii inahusu jambo ambalo wengi huliona kuwa la mafundi tu, yaani kubadilisha faili za video zilizotoka katika kamera ili ziweze kuchezwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Nia yangu ni kulitazama kama jambo la historia. Nitaeleza kamera zilirekodi nini, kwa nini kompyuta zetu zilishindwa kuzisoma faili hizo, watu walitatua vipi tatizo hilo, na ni kitu gani kilipotea katika utatuzi huo. Mfano wangu mkuu ni nyumba yetu ya Kigobe, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura ambamo limo jumba linalotumiwa na Bunge la Taifa. Hoja yangu ni kwamba kila tulipobadilisha faili tulidhani nakala mpya ndiyo mali, na faili ya kamera ni takataka. Kumbe mambo yalikuwa kinyume.

Wakati wa kanda

Kabla ya faili kulikuwa na kanda. Mfumo wa VHS ulibuniwa na kampuni ya JVC ya Japani na ukaingia sokoni mwaka 1976. Burundi ilianza kuwa na televisheni ya taifa mwaka 1984, na katika miaka iliyofuata familia zilizokuwa na uwezo zilinunua deki pamoja na televisheni. Mzee wangu husimulia kwamba arusi bila kanda ilionekana kama haikukamilika. Kanda ya arusi iliwekwa kabatini pamoja na vyeti na hati za nyumba, na mgeni mheshimiwa akija alionyeshwa.

Kanda hiyo haikuhitaji kubadilishwa kwa mtu yeyote mwenye deki. Tatizo lake lilikuwa kunakili. Ukinakili kanda ya VHS kutoka deki moja hadi nyingine, nakala hufifia. Ukiinakili nakala hiyo, ya tatu hufifia zaidi, rangi zikamwagika na sauti ikakwaruza. Kwa hiyo watu walijua, hata bila kusoma, kwamba kanda ya kwanza ni bora kuliko nakala zake. Jirani aliyetaka nakala alipewa nakala. Ya kwanza haikutoka nyumbani.

Mwaka 1995 zilitoka kamera za MiniDV, ambazo zilirekodi kwa tarakimu juu ya kanda ndogo. Hapo ndipo desturi ilipoanza kugeuka. Saa moja ya MiniDV ikihamishiwa kwenye kompyuta huchukua takriban gigabaiti 13, na diski za kompyuta nyingi za wakati ule hazikuweza kubeba hata saa moja. Mpiga video alihariri, akampa mteja VHS, kisha kanda ndogo ikabaki mkononi mwake. Kanda zilikuwa ghali. Aliyetaka kupunguza gharama aliirekodi tena arusi nyingine juu ya kanda ileile. Kwa mara ya kwanza mwenye sherehe alibaki na nakala iliyobadilishwa, na ile ya asili ikafutwa bila yeye kujua kuwa ilikuwapo.

Faili ni nini?

Ili kuelewa yaliyofuata, ni lazima tujue kwamba faili ya video ina sehemu mbili zinazochanganywa mara nyingi. Ya kwanza ni chombo, na ya pili ni namna vilivyomo vilivyobanwa. Tufikirie agaseke, kile kikapu chetu chenye kifuniko. Ukikiona kwa nje unajua ni agaseke, lakini hujui kama ndani mna unga, maharagwe au pesa. Majina ya faili kama AVI, MOV na MP4 ni majina ya vikapu. AVI ililetwa na Microsoft mwaka 1992, na MOV ililetwa na Apple mwaka 1991 pamoja na programu yake ya QuickTime. Kilichomo ndani ni picha na sauti zilizobanwa kwa kanuni fulani ambayo wataalamu huiita kodeki.

Kubana ni lazima, kwa sababu video isiyobanwa ni kubwa mno. Kamera ndogo za mfukoni za miaka ya 2000 zilitumia njia nyepesi iitwayo Motion JPEG. Kila fremu ilibanwa peke yake kama picha ya kawaida, na fremu 30 zilipita kwa sekunde moja. Njia hii haikuichosha kamera, lakini ilikula nafasi. Kwa ukubwa wa pikseli 640 kwa 480, sekunde moja iliweza kuchukua karibu megabaiti 2, hivyo kadi ya gigabaiti 1 ilijaa kwa dakika nane hivi. Kanuni za jamii ya MPEG zina mbinu nyingine. Zinahifadhi fremu moja nzima, kisha kwa fremu zinazofuata zinaandika mabadiliko tu. Mtu akiwa ameketi mbele ya ukuta, ukuta hauandikwi upya kila mara. Faili inakuwa ndogo, lakini kompyuta inafanya kazi zaidi kuifungua.

Kutokana na tofauti hii kuna kubadilisha kwa aina mbili. Unaweza kuhamisha vilivyomo kutoka kikapu kimoja hadi kingine bila kuvigusa, na hakuna kinachopungua. Au unaweza kuvifungua na kuvibana upya kwa kanuni nyingine, na hapo kila mara kuna kinachoachwa. Watu wengi hawakuambiwa tofauti hii. Walichoambiwa ni kwamba faili "haifunguki" na kwamba "inabidi ibadilishwe".

Kompyuta ya sebuleni, 2008

Mwaka 2008 mama yangu mdogo alitolewa mahari. Sherehe hiyo, ambayo kwa Kirundi huitwa gukwa, ilifanyika nyumbani kwetu Kigobe, chini ya turubai lililofungwa kutoka ukutani hadi kwenye mwembe. Nilikuwa mtoto mdogo na ninayoyakumbuka ni machache: viti vya kukodi, maneno marefu ya wasemaji wa pande mbili, na kreti za soda nilizokatazwa kuzikaribia.

Bibi yangu mzaa mama alikuja kutoka milimani pamoja na dada yake waliyekuwa hawajaonana kwa muda mrefu. Wakati wa vita ndugu wengi walitawanyika, na hata baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 na uchaguzi wa 2005 haikuwa rahisi kwa wazee kusafiri. Walipoonana uani walisalimiana kwa akazehe. Wasiojua, akazehe ni salamu ya kuimbwa ya wanawake wa Burundi. Wanawake wawili hushikana, mmoja huongoza kwa sauti ndefu ya kuulizia habari za afya, watoto na nyumbani, na mwingine huingiza sauti yake katika mapengo ya sauti ya kwanza, hadi sauti mbili zinasukana kama ukili. Leo wanawake wa mjini wanaoijua ni wachache. Mama alisema uani palikuwa kimya, hata wapishi waliacha kazi.

Mjomba wangu aliyekuja likizo kutoka Brussels alikuwa na kamera ndogo ya picha yenye uwezo wa kurekodi video, na kadi mbili za gigabaiti 1. Kwa kadi hizo alipata dakika zisizofika ishirini za sherehe iliyochukua nusu siku. Alirekodi vipande vipande, kwa hesabu.

Jioni familia nzima ilikusanyika mbele ya kompyuta ya sebuleni. Ilikuwa kompyuta ya mezani iliyotumika, iliyonunuliwa kwa mfanyabiashara aliyeleta mizigo kutoka Dubai kupitia Dar es Salaam, na ilitumia Windows XP. Kadi ikasomwa na faili zikaonekana, lakini kila moja ilipobofywa programu ikajibu kwa Kifaransa kwamba haiwezi kuicheza. Faili zilikuwa za MOV. Kilichohitajika ni QuickTime, ambayo haikuja pamoja na Windows. Kamera ilikuwa na CD yake yenye programu zote, lakini CD hiyo ilikuwa imebaki Brussels katika sanduku la kamera.

Leo mtu angeipakua programu hiyo kwa dakika moja. Wakati ule nyaya za baharini za intaneti zilikuwa hazijafika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Waya wa SEACOM ulianza kazi katikati ya mwaka 2009. Bujumbura ilitegemea setilaiti, na nyumbani kwetu hapakuwa na intaneti kabisa. Kaka mkubwa alikwenda kwenye mkahawa wa intaneti mjini na flashi yake. Alilipia saa nzima, na programu yenye makumi ya megabaiti ikakatika kabla ya kumalizika. Akarudi mikono mitupu. Bibi aliuliza kama "ile televisheni" ilikuwa imeharibika. Siku mbili baadaye alirudi nyumbani kwake bila kujiona.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu linaonyesha kwamba tatizo halikuwa kamera wala kompyuta. Kila chombo kilikuwa kizima. Kilichokosekana kilikuwa kati yao, ile kanuni ya kufungulia. Kampuni mbili za Marekani zilikuwa zimebuni vikapu viwili tofauti, na mvutano wao ukafika hadi sebuleni Kigobe.

Studio na VCD

Suluhisho lilipatikana kwenye studio moja ya picha mjini. Fundi alizipokea kadi mbili, akasema kazi ni ndogo, na baada ya siku tatu akatoa diski tatu za VCD zenye jina la mama mdogo na picha ya maua. Diski zilicheza kwenye kompyuta yetu na zilicheza pia kwenye deki ya DVD iliyounganishwa na televisheni. Nyumbani kukawa na furaha. Kwa kipimo cha siku ile, kazi ilifanyika vizuri.

Tuangalie sasa ni kazi gani iliyofanyika. VCD ni mfumo wa mwaka 1993. Picha yake katika nchi zinazotumia fremu 25 kwa sekunde ni pikseli 352 kwa 288. Ukizidisha utaona kwamba fremu ya kamera ya mjomba ilikuwa na pikseli 307,200, na fremu ya VCD ina 101,376. Kwa hiyo theluthi mbili za nukta za picha zilitupwa. Kamera ilirekodi fremu 30 kwa sekunde na VCD ikataka 25. Fremu moja katika kila sita ikaondolewa, ndiyo maana katika diski zetu watu wanaotembea huonekana kama wanajikwaa kidogo. Tena VCD hutumia kilobiti 1,150 tu kwa sekunde kwa ajili ya picha, kiasi ambacho ni chini ya sehemu ya kumi ya kile kilichotoka katika kamera. Nyuso za watu wa nyuma zikawa miraba.

Hayo yote yangeweza kuvumilika. Lililoumiza ni jingine. Ili kuipamba kazi, fundi aliweka wimbo wa zouk juu ya vipande vyote ambavyo havikuwa hotuba. Kwa maoni yake, wanawake wawili wakongwe wakishikana uani ni picha nzuri ya kuwekewa muziki. Katika diski yetu bibi na dada yake wanafungua vinywa, mikono yao imeshikana, na kinachosikika ni gitaa na kinanda. Simlaumu fundi. Ndivyo wateja walivyotaka mafundi wote wafanye, na hakuna mtu wa nyumbani aliyemwambia kwamba pale sauti ndiyo iliyokuwa sherehe.

Hakuna aliyelalamika pia kwa sababu kila mtu alidhani faili za kamera bado zipo. Lakini arusi yenyewe ilikuwa wiki mbili mbele, na mjomba alihitaji nafasi. Diski zilikuwa zimeshapatikana na zilicheza. Akabonyeza "futa zote" katika kamera, akarekodi arusi juu yake. Mafundi hueleza kwamba faili iliyofutwa kwenye kadi inaweza kurudishwa kama hakuna kilichoandikwa juu yake. Hapa kiliandikwa. Desturi ya miaka ya MiniDV ilijirudia, ila safari hii tulijifanyia wenyewe.

Vizazi vya faili

Katika miaka iliyofuata mambo yalibadilika haraka. Mwaka 1996, katika chuo cha École Centrale Paris, wanafunzi walianzisha mradi wa kurusha video katika mtandao wa bweni lao. Mwaka 2001 mradi huo ulitolewa kwa leseni huria, na programu yake, VLC, ikaanza kuenea duniani. Sifa yake kubwa ni kwamba inabeba ndani yake kanuni za kufungulia kodeki nyingi sana, na haimwambii mtumiaji akatafute kwingine. Mwaka 2000 Mfaransa Fabrice Bellard alikuwa ameanzisha FFmpeg, zana ambayo hata leo imefichika ndani ya programu nyingi za kubadilisha video. Hapa Bujumbura VLC ilifika kwa flashi, kutoka mkono hadi mkono, kama nyimbo. Nyumbani kwetu ililetwa na rafiki wa kaka kutoka Buyenzi.

Wakati huohuo kodeki ya H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, ilichukua nafasi ya nyingine nyingi. Mwaka 2006 Sony na Panasonic walileta AVCHD, mfumo wa kamera za nyumbani unaoitumia H.264. Faili zake zilikuwa ndogo na picha yake safi, lakini kompyuta za Windows XP zilihangaika nazo. Picha iliganda huku sauti ikiendelea. Watu wakarudi studio. Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 ikiwa na kanuni ya kuzifungua, tatizo likapungua tena. Kisha simu zikawa kamera za kila mtu, na MP4 ikawa kikapu cha kawaida.

Diski zetu za VCD nazo zilipata safari yao. Zilipoanza kukwaruzika, dada yangu alizihamishia kwenye kompyuta. Kwa kuwa simu yake haikuzisoma, akazibadilisha kuwa MP4 kwa programu iliyomwekea maandishi ya matangazo pembeni. Baadaye vipande vilitumwa WhatsApp kwa ndugu walioko Kanada na Ubelgiji. WhatsApp hubana video upya inapoituma, na kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa megabaiti 16. Kipande ninachokiona leo katika kundi la familia ni mtoto wa mtoto wa mtoto wa ile faili ya kamera. Ni yale mambo ya nakala za VHS, isipokuwa kwamba zamani tulikuwa na ya kwanza kabatini.

Fundisho kutoka kwa hati za kale

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalijua jambo hili kwa upande mwingine. Tenzi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, kwa mfano, una nakala ya mwaka 1728. Ili msomaji wa leo azisome, tenzi hizo zilihamishiwa katika hati za Kilatini. Kazi hiyo ni kubadilisha faili kwa namna yake. Hati za Kiarabu kwa kawaida hazikutofautisha baadhi ya sauti za Kiswahili, kwa mfano irabu e na i, au o na u. Mhamishaji alilazimika kuchagua, na wahamishaji wawili wangeweza kutofautiana katika neno moja. Tunaweza kubishana nao leo kwa sababu hati zenyewe zimehifadhiwa. Kama zingechomwa mara tu toleo la Kilatini lilipochapishwa, makosa ya mhamishaji yangekuwa ndiyo utenzi wenyewe.

Akazehe pia ina mfano wake. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki hapa Burundi, na rekodi hizo zikatolewa katika santuri na Ocora ya Ufaransa. Ndani yake mna ngoma zilizopata sifa duniani, na mna pia akazehe ya wasichana. Baadaye rekodi hizo zilitolewa tena kwenye CD. Hivyo sauti ya wasichana wale inasikika vizuri zaidi ya miaka hamsini baadaye, ilhali sauti ya bibi yangu, iliyorekodiwa miaka arobaini baada ya zao na kwa chombo cha kisasa zaidi, ilizama chini ya gitaa. Chombo kipya hakihifadhi kitu chenyewe. Anayehifadhi ni mtu aliyeamua kwamba kitu kile kina thamani.

Kilichobaki Brussels

Bibi alifariki mwaka 2015. Nilipoanza kutafuta mada ya fasihi simulizi, nilimwandikia mjomba kumuuliza kama kuna chochote cha mwaka 2008. Alijibu kwamba hana, kwa kuwa alifuta zote. Nilimwomba atazame hata hivyo. Baada ya wiki mbili alinitumia faili moja ya MOV, ya sekunde 52.

Maelezo yake ni haya. Kamera za aina ile zilikuwa na alama ya ufunguo ya kulinda picha, na ukibonyeza "futa zote" zilizolindwa hubaki. Mtu fulani, huenda mtoto, huenda hata mimi, alikuwa ameibonyeza alama ile kwa bahati juu ya faili moja. Faili ikapona, ikasafiri hadi Ubelgiji katika kadi, ikanakiliwa pamoja na picha za likizo, ikakaa katika diski ya nje bila kufunguliwa.

Niliibofya katika kompyuta yangu na VLC ikaicheza papo hapo. Haikuhitaji kubadilishwa. Faili iliyotukatalia mwaka 2008, ambayo kwa ajili yake tulilipa studio, sasa ilifunguka bila shida, na VCD iliyokuwa suluhisho ndiyo isiyosomeka tena. Sauti yake ni nyembamba, ya kipaza sauti kidogo cha kamera, na upepo unapiga turubai. Lakini sauti ni mbili, na zinasukana.

Faili ilikuwa pia na kitu ambacho diski haikuwa nacho, yaani tarehe na saa ya kurekodiwa. Nyumbani kulikuwa na ubishi wa miaka mingi kama mahari ilitolewa Julai au Agosti. Faili ilisema Julai. Kwa kuwa majira ya joto saa ya Brussels ni sawa na yetu, hata saa haikuhitaji kusahihishwa: ilikuwa saa nane na robo mchana.

Nilimpelekea dada yake bibi nakala katika simu. Alisikiliza mara tatu. Kisha alinisahihisha neno moja nililokuwa nimeandika vibaya. Mimi nilisikia jina la mtu, kumbe ni jina la kilima walikokulia. Kwenye sekunde ya 52 kadi ilijaa na picha inakatika katikati ya swali. Nilimuuliza jibu lilikuwa nini. Akasema hakumbuki jibu la siku ile, ila jibu huwa ni lilelile, kwamba waliobaki wako wazima.

Hitimisho

Katika insha hii nimejaribu kuonyesha kwamba kubadilisha faili si kosa. Bila kubadilisha, familia yetu isingeona chochote mwaka 2008. Kosa ni kuchukua nakala ya matumizi ya leo na kuifanya kuwa hifadhi ya kesho. Sababu zake zilieleweka: kadi zilikuwa ndogo, diski zilikuwa ghali, intaneti haikuwapo. Lakini desturi iliyozaliwa na uhaba imebaki hata uhaba ulipopungua.

Na tatizo lenyewe halijaisha. Tangu mwaka 2017 baadhi ya simu zinarekodi kwa kodeki mpya ya H.265, na kompyuta nyingi za nyumbani zinaikataa kama ile yetu ilivyoikataa MOV. Watu wanabadilisha tena, na wanafuta tena. Katika idara zetu wanafunzi wanarekodi wazee vijijini kwa ajili ya kazi za fasihi simulizi, wanatumiana kwa WhatsApp ili kuandika, kisha wanaifuta faili ya simu kwa sababu simu imejaa.

Kwa wanafunzi wenzangu ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, faili kama ilivyotoka katika kamera au simu inakiliwe mahali pawili kabla ya kuguswa. Pili, kama haifunguki, ijaribiwe kwanza katika programu nyingine, na kama ni kikapu tu kinachokataliwa, vilivyomo vihamishwe bila kubanwa upya, jambo ambalo FFmpeg inaliweza. Tatu, nakala iliyobadilishwa ipewe jina linaloonyesha kwamba ni nakala. Kwa wahadhiri wetu, ninaomba kazi ya uwandani ipokelewe pamoja na faili zake za asili, kama vile tunavyodaiwa madaftari.

Faili ya bibi sasa iko mahali patatu: Kigobe, Brussels na katika diski ya rafiki ninayemwamini. Nimetengeneza pia MP4 ndogo kwa ajili ya kundi la familia. Hiyo ndogo ni msala, na nimeiita hivyo hata katika jina lake. Mbacha nimeuweka.